Bati la Gatina na Mashine ya Mkubwa

Hadi leo nikiona mashine imefunikwa kitambaa cha kufuma, hasira hunipanda. Watu hudhani nina kichaa kidogo. Basi wacha nieleze.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa karani katika mnara wa kuongozea ndege, kwenye kiwanja kidogo kilicho jirani na Kibera. Nilisikiliza redio pamoja na mzee wa zamu, mwongoza ndege aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi, na kila rubani aliposema yuko wapi, niliandika kwenye kipande cha karatasi nikampangia mzee mbele yake. Rada ilikuwa uwanja mkubwa, si kwetu. Sisi tulikuwa na darubini moja na maneno ya rubani. Upande wa magharibi hata darubini haikutufaa kitu, kwa sababu walikuwa wamejenga hanga refu, banda la kuwekea ndege, likatuziba macho.

Marubani waliotokea upande huo walikuwa na alama yao. Makina, hapohapo Kibera, palikuwa na nyumba moja kubwa yenye mabati mapya, na katikati ya mabati yaliyoota kutu iling'aa hadi mbali. Haikuwa kwenye ramani, ilikuwa mazoea tu. Rubani anasema, "Niko juu ya bati," mimi naandika Makina, na baada ya dakika moja au mbili mzee anamwona akichomoza pembeni mwa hanga.

Kisha tukaletewa mashine. Haikuwa rada, lakini kwetu ilikuwa neema. Rubani akizungumza tu, mstari wa mwanga ulisimama kwenye kioo cha duara ukaonyesha sauti yake inatoka upande gani. Mzee aliijaribu asubuhi nzima akicheka peke yake. Mchana, mkubwa wetu wa kazi akapanda ngazi, akaikagua, akasema huku juu kuna vumbi. Ikateremshwa ofisini kwake "kwa muda." Huko ikawekwa juu ya kimeza, ikatupiwa kitambaa cheupe cha kufuma, na kila mgeni aliyekuja kunywa chai alifunuliwa mashine aone tulivyoendelea. Wageni ambao hawajawahi kuongoza hata punda!

Mimi nilikuwa nimepanga chumba Gatina, kule Kawangware. Mwenye ploti alikuwa mzee wa hapohapo, shamba lilikuwa la baba yake. Mwaka ule alibomoa vyumba vya udongo, akajenga safu mbili ndefu na kuziezeka mabati mapya kwa mpigo mmoja. Kila asubuhi alitoka kuyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wa maziwa. Nililala chini ya mabati hayo na binti yangu wa miaka minne, na sikufikiri hata mara moja kwamba kuna mtu mwingine anayeyaona, kutoka juu. Hilo nalikubali, lilinipita.

Asubuhi moja akaja rubani mgeni, amebeba watalii. Akasema yuko juu ya bati. Nikaandika Makina. Mzee akahesabu kichwani kwamba huyo ameshafika karibu, kwa hiyo akaruhusu ndege nyingine iruke, ikunje kulia na kupanda kuelekea Kawangware, ambako aliamini anga ni tupu. Yule mgeni akaongeza, kwa kutaka tu kuwa muungwana, kwamba bati ni refu, safu mbili, na kanisa liko mkono wake wa kushoto.

Kalamu ilinidondoka.

"Mzee, huyo hayuko Makina! Pale kuna msikiti. Kanisa liko Gatina. Yuko juu ya nyumba yangu!"

"Wewe mama, una hakika?"

"Nalala hapo, mzee! Mtoto wangu yuko hapo saa hii!"

Mzee alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Ile ndege iliyokuwa inapanda akaiamuru ishuke na kukunja kushoto mara moja. Tukangoja. Sijui ni muda gani. Kisha yule rubani mgeni akasema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kwenye maji baridi, kwamba mwenzake amepita mbele yake, karibu hata ameisoma namba ya ubavuni mwa ndege. Wote wawili walitua salama. Jioni nilimkuta binti yangu akicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na wenzake mbele ya vyumba, na jirani aliyekuwa akimwangalia akaniuliza kwa nini nalia.

Nilidhani sasa mashine itapanda juu. Nilikuwa mjinga. Siku ya tatu mkubwa aliniita ofisini. Mzee wa zamu alikuwa ameshakaa humo, kofia magotini. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu tayari: karani alisikia vibaya, akaandika mahali pasipo sahihi, amekiri na ameomba radhi.

"Weka saini hapa chini," mkubwa akasema. "Tuyamalize."

"Nilisikia vizuri, bwana. Rubani alisema bati, na mabati sasa ni mawili. Mashine hiyo hapo nyuma yako ingetuonyesha yuko upande gani."

"Nani amekuuliza habari ya mashine?"

Nikamgeukia mzee. "Mzee, si ulikuwepo? Si mimi niliyekwambia?"

Aliangalia kofia yake. "Ni karatasi tu, mama. Saini, uende kazini."

Karatasi tu! Nikiisaini, kosa ni sikio langu, sikio langu limeonywa, kesi imekwisha, na mashine inaendelea kunywa chai na wageni huku ndege zinapita kichwani mwa mtoto wangu kwa kubahatisha. Nilikataa. Mkubwa akamsogezea mzee kalamu, asaini kama shahidi. Akasaini. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mzee yule kwa dakika ile, kwa sababu mkubwa hakujua alichokuwa akikifanya, lakini mzee alijua.

Nikahamishiwa stoo nyuma ya hanga, kuhesabu matairi na makopo ya oili. Dawa ya mkubwa kwa hatari yote ile ilikuwa barua kwa mwenye ploti, kwamba apake bati lake lami lising'ae. Mwenye ploti alinisomea barua hiyo kwa sauti, mlangoni pangu, huku akicheka kwa hasira.

"Yaani nichome wapangaji kwa joto la lami ndio ndege ijue njia? Ambia hao watu wako wanunue macho!"

Hakupaka.

Nilikuwa na majuma mawili stoo, nikihesabu mikebe ya rangi, simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya mzee, ya chini na ya haraka.

"Mama, kuna mmoja anasema yuko juu ya bati. Toka nje uangalie. Ni lipi?"

Nilitaka kumwambia asome karatasi aliyoisaini. Maneno yalikuwa ulimini kabisa. Lakini ndege haingoji mtu amalize hasira zake. Nilikimbia nje. Kutoka mlango wa stoo, upande wote wa magharibi ulikuwa wazi, na niliiona ndege, ndogo, ikimetameta upande wa nyumbani kwangu.

Nikarudi mbio kwenye simu. "Gatina," nikamwambia. "Izuie hiyo nyingine inayotaka kuruka."

"Asante, mama."

"Andika kwamba mimi ndiye niliyekwambia."

Simu ilikuwa imeshakatwa. Baada ya hapo ililia mara tatu au nne kila juma, na kila mara nilitoka mbio nikaangalia, mvua au jua, hadi nilipoacha kazi. Kwenye faili langu bado imeandikwa kwamba mimi ndiye niliyekosea.