Karamu, Matanga na Uongo Wangu

Baba alifundisha historia Lubumbashi kwa miaka mingi. Brussels alikuwa akiogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza kule Uccle. Hapa hakuna aliyemwita mwalimu isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa namtania tu.

Katikati ya miaka ya 2000, nikiwa na miaka kumi na saba, nilipewa kazi ya shule ya kueleza mapinduzi ya Ufaransa ya 1848. Baba alifurahi utadhani kazi ni yake. Akafuta meza ya jikoni kwetu Saint-Gilles, akachora mstari katikati ya karatasi: kushoto sababu, kulia matokeo. Ndivyo alivyofundisha kwao, na hapo humtoi. Mavuno mabaya, mkate ghali, watu bila kazi, mfalme aliyewaachia matajiri peke yao kupiga kura. Mimi nikakwama kwenye zile karamu zinazosemwa ndizo zilizoanzisha yote. Serikali iangushwe vipi na watu waliotaka kula?

"Maman, sikia," akasema; ndivyo alivyoniita mimi bintiye. "Batu balikatazwa kufanya réunion, mukutano ya politique, donc bakaita banquet, karamu. Ni sawa vile sisi ku matanga: unaenda kulia mufu, kumbe mambo ya serikali njo munasemaka. Bon, serikali ikakataza na ile banquet. Alors, batu bakatoka mu barabara."

Nikaelewa papo hapo. Upande wa matokeo tukaandika: mfalme kakimbia, jamhuri, kura kwa wanaume wote, halafu, miezi michache tu baadaye, wafanyakazi wakapigwa risasi mitaani Paris. Hilo la mwisho baba alilipigia mstari mara mbili.

Siku ya wazazi alivaa koti lake la kufundishia, la kahawia, lililochakaa viwiko. Mwalimu wangu akaisifu kazi, hasa pale nilipofananisha karamu na matanga. Akaniuliza wazo hilo nimelitoa wapi.

Baba akajiweka sawa kitini. Mimi nikaviona vile viwiko, nikawaona wenzangu wawili mlangoni na wazazi wao waliovaa vizuri, nikasema, "Kwenye kitabu." Nikaulizwa kitabu gani. Nikajibu, bila haya, kwamba jina limenitoka.

Tramu ilipokaribia nyumbani baba alinigeukia. "Bon," akasema. "Umejibu muzuri, maman." Heri angenigombeza. Hakukaa tena nami mezani kwa somo lile, nami, mjinga, sikumwomba. Mpaka leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Miaka kumi baadaye tulikuwa kwenye matanga ya jirani yetu, katika ukumbi karibu na Chaussée de Wavre. Kijana aliyekaa nasi akamuuliza baba, "Papa, kule Lubumbashi ulikuwa unatumika kazi gani?"

Baba akanitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, ndipo akajibu, "Nilikuwaka mwalimu."