Godoro Juani, Kibuyu Begani

Juzi, kwenye foleni ya kliniki hapa Geita, mama mmoja aliyetoka Rwamgasa alimpokonya mwanawe chupa ya maji. "Inatosha! Leo tunalala kwa watu, unataka kuniaibisha?" Mtoto yule ana selimundu, kama mimi. Nilitabasamu, maana ni kama nilimsikia bibi yangu.

Bibi alinilea Ibadakuli, ndege zikishuka karibu na mashamba ya pamba. Kama huujui ugonjwa huu, rafiki yangu, nikueleze kidogo. Chembe za damu, badala ya kuwa duara, hujipinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Zinapokwama panauma, kwangu hasa magotini na mgongoni. Lakini kuna jambo watu hawapendi kulisema: figo nazo hazishiki maji vizuri, kwa hiyo mtoto huendelea kukojoa kitandani hata akiwa mkubwa. Mimi nilifika darasa la tano bado nakojoa.

Godoro letu lilikuwa la pamba, na godoro la pamba likilowa halikauki upesi. Maji yenyewe yalichotwa mbali. Basi bibi, kwa mapenzi kabisa, akaweka sheria: jua likianza kushuka, hakuna kunywa maji. Nilikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa mpaka vinavutika kama mpira, pamoja na karanga, kisha nikalala koo limekauka.

Kiangazi kimoja maumivu yalinijia mfululizo. Nilikosa shule mno, hata mwalimu akamshauri bibi aniache nyumbani moja kwa moja. Hilo liliniuma kuliko mifupa. Bibi akanipeleka hospitali.

Muuguzi alipouliza kuhusu maji, bibi alijibu kwa fahari kwamba ananibana vizuri. Muuguzi hakumcheka. "Bibi, unalima mpunga?"

"Nina majaruba mawili."

"Maji yakipungua kwenye mfereji inakuwaje?"

"Matope yanaziba."

"Basi na damu ya mjukuu wako ni hivyo hivyo."

Kesho yake bibi alinitundikia begani kibuyu kidogo cha maji, akanishika mkono mpaka shuleni. Alimweleza mwalimu habari ya mfereji na matope, akaomba ninywe darasani na nitoke kila nikibanwa. Mwalimu alikubali tujaribu hadi mwisho wa muhula.

Tangu hapo nikawa nakunywa hata jioni, na godoro likawa linaanikwa kila asubuhi mbele ya nyumba, wazi kabisa, na kila mpita njia aliliona. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Jirani yetu, mwenye ulimi mkali, akasimama na ndoo yake kichwani.

"Mayu, mama yangu, siku hizi unafuga chura humo ndani?"

"Ndiyo," bibi akajibu huku akilipiga godoro kwa fimbo, "na chura wangu anasoma. Wewe hata kuku wako hawajui njia ya kurudi bandani."

Jirani alicheka mpaka maji yakammwagikia. Jioni alirudi na ndoo imejaa, akaiweka mlangoni. "Ya chura," akasema. Akawa analeta mara kwa mara.

Maumivu hayakuisha, nisikudanganye. Yalipungua, na muhula ulipokwisha mwalimu hakuzungumza tena habari ya kuniacha nyumbani. Asubuhi nilipoamka nimeloa na uso umenishuka, bibi alisema neno moja tu: "Godoro hukauka, ng'wana wane, mwanangu."

Bibi hayupo tena. Kwenye majaruba yake wamejenga nyumba, kibuyu kilipasuka, na sijui kama kuna mtu bado anashona godoro la pamba. Mimi nabeba chupa ya plastiki.

Pale kwenye foleni niliinyanyua chupa yangu, nikanywa, nikamwambia yule mama, "Dada, hata mimi nilikuwa nakojoa. Godoro hukauka."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, mtu mzima na mvi zangu mbili tatu. Kisha akamrudishia mwanawe maji.