Jiwe la Kijani katika Beseni la Kapita

Ipo siku moja ambayo huikumbuka, mwanangu, kila ninapoona mtu akikimbilia chupa ya dawa. Jana ulinionyesha chura wako mdogo mwenye jeraha mgongoni, ukaniuliza tumpake nini. Nitakujibu. Lakini jibu langu linaanzia mbali kidogo, Musonoi, hapo karibu na Kolwezi, wakati nchi yetu ikiitwa Zaïre nami nikiwa na miaka kumi na minne.

Tuliishi katika nyumba ya kampuni, kambini mwa wachimba shaba, kwa kuwa baba alikuwa mchimbaji. Mdogo wangu Kabedi alikuwa na miaka minane. Homa ya utotoni ilikuwa imempoozesha mguu mmoja, na shule ilikuwa mbali. Wenzake walipokwenda kusoma, yeye alibaki uani juu ya mkeka. Msimu mmoja wa mvua chura mdogo alikuja kukaa kwenye kivuli karibu na mkeka ule, na hakuondoka tena. Kabedi akamwita Kapita, yaani msimamizi wa kazi, kwa sababu alikaa kimya, koo likimpandapanda, kama anayewangoja wafanyakazi waliochelewa. Alimlisha kumbikumbi mmoja mmoja na kumsimulia habari zote za siku.

Tulimwekea beseni la plastiki lenye maji kidogo. Nami, kwa kumpenda mdogo wangu, niliweka humo kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo: jiwe la malakiti, lile la kijani lenye mistari, litokalo ardhini pamoja na shaba. Baba alinipa. Kabedi alipiga makofi alipoliona likimeta ndani ya maji.

Siku moja kuku wa jirani alimdonoa Kapita mguu wa nyuma. Kabedi aliniita akilia. Nilikuwa nimesoma kitabu kikuukuu cha huduma ya kwanza mara tatu, mwanangu, na aliyesoma kitabu kimoja mara tatu ni mtu wa hatari. Tena pale kambini wachimbaji walikuwa na usemi wao: dawa isiyochoma haijafika kwenye ugonjwa. Baba alipojikata, alimiminiwa spiriti, naye aliuma meno na kunyamaza. Basi nami nikammiminia Kapita spiriti. Aliruka, akajigonga ukutani, akaanguka chali.

"Unaona? Dawa inatumika, imeanza kazi," nikamwambia Kabedi.

Sikujua kwamba chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi. Unachompaka, amekwisha kukinywa.

Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, na wekundu umepanda hadi tumboni. Alikataa kumbikumbi. Kila asubuhi nilimshika kwa nguvu, nikampaka tena, kisha nikamtumbukiza kwenye beseni ili apoe.

"Yaya," Kabedi akasema, maana ndivyo alivyoniita mimi mkubwa wake, "Kapita hapende ile mayi ya beseni. Ukimutia, anatoka mbio."

"Nyamaza. Mi njo najua," nikamkatiza, kana kwamba mimi ndiye mjuzi.

"Weye uko naye dakika mbili. Mi niko naye muchana muzima." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Akikufa, mi nitasemaka na nani?"

Nilifunga chupa, nikaenda shule.

Niliporudi nilimkuta Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi yetu mzaa mama, ameketi kwenye mkeka pamoja na Kabedi. Alikuwa amewasili kutoka Sandoa na mzigo wake wa unga wa muhogo, hata viatu hajavua. Mbele yao Kapita alikuwa amelala juu ya kitambaa chenye unyevu, akipumua kwa shida.

"Njo huyu docteur?" Nkambo akaniuliza, kana kwamba mimi daktari kweli. "Docteur wa bachura! Mugonjwa wako, ulimuuliza anaumwa wapi?"

"Nkambo, chura hasemi."

"Hasemi. Lakini huyu mutoto anasema. Ulimuuliza?"

Kabedi akamweleza yote: spiriti, kuruka, na jinsi Kapita alivyolikimbia beseni tangu kabla ya kudonolewa. Kabla, mwanangu! Hilo sikuwa nimelisikia, kwa sababu sikuuliza. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Nkambo akatia mkono kwenye beseni, akalitoa jiwe langu.

"Kule kwa bilima bya mawe kama hii, miti inakatala kumea. Majani tu. Weye umepita kule mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kama muti inakatala, kachura ka ngozi laini kataweza?"

Nilivifahamu vilima vile tangu utotoni, vipara kabisa katikati ya msitu. Nilivitazama miaka yote bila kuviona. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na zawadi yangu, kwa shaba iliyovuja majini, ndiyo iliyomchoma Kapita kidogo kidogo, kabla ya kuku na kabla ya spiriti.

Tulianza upya. Jiwe likatoka, beseni likaoshwa mara nyingi bila sabuni. Nkambo hakutaka maji ya bomba yenye harufu ya dawa, tukakinga mvua. Mwuguzi mmoja jirani alinicheka kwanza, kisha akanifundisha: maji yaliyochemka na kupoa, kijiko kidogo cha chumvi, kisichofurika ukingo, kwa lita nzima, kusafishia jeraha taratibu. Alinipa tone la pomadi, yaani dawa ya kupaka, ya macho, ile isiyo na dawa ya kutia ganzi. Kabedi ndiye aliyempaka, kwa mikono iliyooshwa, ikasuuzwa vizuri na kuachwa ikiwa na maji. Kitambaa kilibadilishwa asubuhi na jioni. Kazi yangu ilikuwa kufua kitambaa na kumwuliza Kabedi, "Leo amefanya nini?"

Siku nyingi jibu lilikuwa, "Bure," yaani hakuna kitu. Kisha asubuhi moja akaita kwa kelele hadi majirani wakachungulia: Kapita amemeza kumbikumbi!

Alipona, lakini vidole viwili vya mguu ule vilikatika, na tangu hapo aliruka akienda upande. Nilimwomba Kabedi msamaha. Yeye alikuwa akimwangalia Kapita akivuka ua, akicheka.

"Yaya, angalia! Sasa anatembea sawa na mi."

Basi, mwanangu, hilo ndilo jibu lako. Usimtie chura wako spiriti wala kitu kinachochoma. Mtenge, msafishe kwa maji salama, badilisha kitambaa chake kila siku, na ukishamshika nawe unawe mikono kwa sabuni. Ukiona wekundu tumboni, au utando mweupe kama pamba, usijifanye docteur. Tumtafute anayejua wanyama. Lakini kwanza kabisa, kabla hujaongeza dawa, ondoa kinachoumiza, hata kama ulikiweka wewe kwa mapenzi. Na muulize anayekaa na mgonjwa, hata akiwa mdogo kuliko wewe.

Lile jiwe bado ninalo. Linakandamiza karatasi zangu mezani, mahali pakavu. Mungu akujalie mikono mipole na masikio yasiyo na haraka, na kila dhaifu atakayekuja kukaa kivulini kwako asiondoke na jeraha jipya.