Makadirio ya Msimu wa Tumbaku

Kila mwisho wa mwezi mwenzangu alipokea meseji iliyonikosesha raha. Simu ikilia, anaitazama, anatabasamu kidogo, anairudisha mfukoni na kuendelea kukanyaga cherehani. Ilikuwa inamjulisha kwamba elfu thelathini yake imepokelewa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, akiba ya hiari ya uzeeni. Msichana wa miaka ishirini na saba, fundi wa kushona kama mimi, anajiwekea pensheni kama mwalimu wa serikali. Roho iliniuma. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kujidai haikuniuma.

Tulijifunza kazi kwa fundi mmoja, na tulikuwa tumepanga baraza moja pale mtaa wa Mtendeni, yeye upande wa mlango, mimi upande wa dirisha. Wateja wetu walikuwa wale wale: kina mama wa mtaani, kwaya zinazotaka sare, na msimu wa tumbaku, wakulima kutoka Urambo. Hao wakishalipwa, kwa wiki kadhaa tunashona mpaka mgongo unakataa kunyooka. Halafu inarudi miezi ya kubadilisha zipu na kukata suruali. Tuliingiza karibu sawa, pengine nilimzidi kidogo. Zangu zilikwenda kwenye mchezo wa kina mama, na zamu yangu ya kupokea ikifika nanunua vitenge na masufuria. Nilikuwa na masufuria mengi kuliko vyakula vya kuwapikia wanangu.

Mwaka ule niliapa nami nianze. Nikatenga elfu sitini, michango miwili kwa mpigo, ili nimpite. Ndiyo, nimpite. Uzee sikuuwaza hata kidogo. Niliwaza sura yake siku atakayosikia kwamba naweka mara mbili yake.

Lakini kabla sijajiandikisha ukafika mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu ni wa makadirio. Mwenye biashara ndogo anakwenda ofisi ya kodi, anaeleza mauzo yake, anakadiriwa kodi ya mwaka, kisha anailipa kwa awamu nne. Mafundi wa mjini wanajua namna ya kukaa mbele ya meza ile: unavaa kandambili, unakohoa kidogo, unasema biashara ngumu. Tulikwenda kwa bajaji moja tugawane nauli. Yeye alitangulia mezani, mimi nikakaa kwenye benchi nyuma yake, masikio nimeyatega.

“Kwa siku unauza kiasi gani?” afisa alimuuliza.

Akafungua daftari lake. Msimu wa tumbaku hivi, masika hivi, ukichanganya na kugawanya inakuja kama elfu kumi na tano. Afisa akalishika daftari, akalipekua, akasema angefurahi kama kila mfanyabiashara angeandika vile.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimeshavimba kwa wivu.

“Elfu arobaini,” nikasema, kwa sauti ya kusikika mlangoni.

“Kila siku?”

“Kila siku.”

Akaniuliza tena kama nina hakika. Nikasema ninayo. Nilikuwa nimechukua siku moja nono ya msimu wa tumbaku nikaifanya mwaka mzima. Watu hudanganya pale ili walipe kidogo. Mimi nilidanganya ili nionekane namzidi mwenzangu.

Awamu ya kwanza ilimeza elfu sitini yangu yote pamoja na hela ya mchezo. Ilipokaribia ya pili, wakulima walikuwa bado hawajalipwa, nami nikaanza kuulizia kwa siri bei ya kuuza cherehani. Siri gani Mtendeni. Kesho yake mwenzangu alikuwa nayo.

“Shoga, cherehani ikiondoka utashonea meno?”

Nikamwonyesha karatasi ya kodi. Aliisoma, akaguna, hakuniuliza nimekadiriwaje. Alisema tu niandike barua waipitie upya, na kwamba daftari lake lina kazi zote tulizogawana, kwa hiyo atakwenda nami.

Tulipoipeleka barua, afisa alikuwa yule yule.

“Mwezi wa tatu ulisema arobaini. Leo unasema kumi na tano. Nikuamini lini?”

Ningeweza kusema nilikosea hesabu. Lakini daftari lilikuwa mezani, na mwenye daftari alikuwa amekaa ubavuni mwangu, amekuja kunitetea huku kazi zake zimesimama.

“Nilimwonea wivu huyu,” nikasema. “Alivyosifiwa, nikataka kumzidi.”

Afisa hakucheka. Alifunua karatasi moja baada ya nyingine, akaandika, akasema atalipeleka suala kwa mkubwa wake. Wiki iliyofuata kodi yangu ilishushwa, cherehani ikabaki, na mwezi uliofuata nikaanza akiba ya elfu kumi tu.

Ila siku ile ile ya barua, tulipotoka nje kusubiri bajaji, nilimgeukia mwenzangu. Nikamwomba radhi. Nikamwambia hata pensheni yake imekuwa ikiniuma, mwezi baada ya mwezi.

“Unajua kwa nini niliianza?” akasema, akiangalia barabara. “Nilipotolewa kizazi, nikarudi kazini. Jioni wanao wanakupitia, mnafunga kazi, mnaondoka nao. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nashindwa kula. Nikajisemea, huyu wanawe watamtunza. Mimi nitatunzwa na nani? Basi, nikaenda kujiandikisha.”

Habari ya operesheni ile niliijua vizuri. Mimi ndiye niliyempelekea uji hospitalini, asubuhi na jioni, mpaka akaruhusiwa. Lakini swali hilo la nani atamtunza sikuwahi kumuuliza.