Milango Mitatu Kutoka kwa Nanyama

Joash Wanyonyi alitandika vitanda vya gari la moshi kwa miaka ishirini na minane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kulala hata kwenye kimoja cha vile vya daraja la kwanza. Jambo hilo alilisema kwa majivuno. Alipostaafu alibaki Nakuru, karibu na nyumba za reli alikozaliwa, kwa maana babake naye alitoka Bungoma enzi za mkoloni akaja kupiga nyundo katika karakana ya reli. Mtu yeyote mtaani akitaka kusafiri kwa gari la moshi alipita kwanza kwa Joash kuuliza. Naye alijibu alichoulizwa, kisha akaongeza kumi ambayo hakuulizwa.

Ungekaa kwake nusu saa ungeisikia hadithi ya bwana harusi. Katika daraja la pili watu hulala wanne wanne chumbani, wanaume kwao na wanawake kwao, na mume haruhusiwi kuvuka kizingiti cha chumba cha akina mama hata kama mkewe yumo ndani. Joash aliilinda sheria hiyo kuliko Amri Kumi. Sasa kulikuwa na bwana harusi mmoja aliyenyemelea kwa mkewe, na Joash, akiwa kizingitini, akamvuta nje kwa kola pale Naivasha, suti mwilini na ua kifuani, bibi harusi akilia nyuma yake. Kila Krismasi aliisimulia, na kila Krismasi Nanyama, mkewe, alicheka pamoja na wageni kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Mwaka wa 2007 moyo wa Nanyama ulianza kuchoka. Miguu ilivimba. Akitoka jikoni hadi mlangoni ilibidi asimame avute pumzi. Daktari alisema kilango kimoja cha moyo hakifungi tena sawasawa, na kwamba angepasuliwa India angeweza kuishi miaka mingi. Fancy, binti yao wa pekee, aliyekuwa muuguzi Uingereza, alipanga kila kitu kwa simu: hospitali, tikiti za ndege za wote wawili, na siku ya kuondoka, Alhamisi moja ya mwezi wa Oktoba. Kilichobaki ni kumfikisha Nanyama uwanja wa ndege Nairobi akiwa mzima. Barabara ya Naivasha wakati huo ilikuwa imefumuliwa ikitengenezwa, ni mashimo na vumbi tupu, na daktari alikuwa amekataza mitikisiko. Basi ikawa gari la moshi.

"Baba, chukueni first class," Fancy alimwambia kwenye simu. "Hiyo ni room ya watu wawili. Mum akizidiwa, uko hapo. Pesa nimeshatuma, usijali."

"Fancy, mimi ndiye wa kufunzwa gari?"

"Sikufunzi, Baba. Nakuomba."

Jumatano mchana walikwenda stesheni kukata tikiti. Nanyama aliketi kwenye benchi karibu na dirisha, leso mabegani. Karani, Waithaka, alimjua Joash tangu zamani.

"Mzee, first class iko wazi leo. Niwawekee coupe, ile room ya wawili, wewe na mathe?"

"Godoro ni lile lile," Joash alisema. "Blanketi ni zile zile. Mimi ndiye nilikuwa nazitoa stoo, sasa utanidanganya nini? Tupe second."

Nanyama aliinua uso. Hakuwa mwanamke wa kubishana na mumewe mbele ya watu, na alichosema alikisema polepole.

"Baba Fancy, hatuwezi kukaa pamoja?"

"Ni milango mitatu tu, Mama Fancy. Nikikohoa utanisikia."

Nanyama akashusha uso, akafunga leso yake vizuri.

Tuseme ukweli, haikuwa habari ya godoro, wala haikuwa ubahili, kwa maana pesa za Fancy zilikuwa mfukoni mwake na zilitosha. Ni kwamba Joash aliwaona watu wa daraja la kwanza kwa miaka ishirini na minane wakimwita kwa kupiga vidole, na aliapa moyoni kwamba hatalala katika kitanda alichokuwa akiwatandikia wao. Vilevile mhudumu wa behewa usiku ule angekuwa Omolo, ambaye yeye mwenyewe alimfunza kazi, na Joash hakutaka Omolo amtandikie kama bwana mkubwa. Kiapo hicho hakumwambia mtu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakutuambia mkuu mwenyewe akikosea huvunjika guu la nani.

Gari liliingia Nakuru likiwa limechelewa, kama desturi yake. Joash alimfikisha Nanyama hadi kizingitini pa chumba cha akina mama, akamkabidhi mkoba wa dawa, akasimama hapo hapo. Ndani mlikuwa na wanawake watatu. Mmoja, mwalimu wa Njoro aitwaye Jeruto, alimwachia kitanda chake cha chini bila kuombwa ili mgonjwa asipande juu.

"Lala salama," Joash alisema.

"Na wewe. Vaa sweta, kule Limuru kuna baridi."

Akaenda chumbani kwake, na linalouma zaidi katika habari hii yote ni kwamba alilala. Alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi mitatu, mlio wa magurudumu ukimbembeleza. Hakusikia Naivasha. Hakusikia Kijabe.

Omolo alimwamsha kukiwa kumepambazuka, mashamba ya chai yakipita dirishani.

"Mzee Joash. Amka. Twende kwa Mama."

Joash alivaa viatu bila soksi, akamfuata. Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Nanyama alikuwa amelala chali, kichwa chake juu ya mapaja ya Jeruto, macho yamefungwa, na mwanamke mwingine alikuwa bado anamsugua nyayo ingawa zilikuwa zimeshapoa. Mkoba wa dawa ulikuwa umemwagwa wote juu ya blanketi.

Joash akasimama kizingitini. Miaka yote ile alikuwa hajavuka kizingiti kile mwanamke akiwa ndani, na hata sasa, mkewe amelala pale, mwili wake ulingojea ruhusa.

"Ingia, mzee," Jeruto akamwambia. "Ingia tu."

Akaingia. Akapiga magoti kati ya vitanda, akaushika mkono wa Nanyama, akauona hauna joto.

"Ilianza saa ngapi?"

"Tulipotoka Naivasha. Alikosa pumzi. Tukamkalisha, tukafungua dirisha, tukampa dawa zake. Ikatulia, ikarudi tena."

"Kwa nini hamkuniita? Niko hapa. Milango mitatu."

Jeruto alikuwa amekesha na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilisimama mara mbili nije nikuite. Mara zote mbili alinishika nguo. Alisema nisikulete. Alisema mume wake ndiye alikuwa akiwatoa wanaume kwa huu mlango, sasa akionekana akiingia, wale aliowafunza kazi watamcheka. Akasema nimwache asiaibike."

Omolo, mlangoni, akageuza uso akatazama nje.

Joash hakulia. Alibaki amepiga magoti mpaka Kikuyu, na wanawake wale watatu hawakumwambia atoke. Angeweza kuvumilia kama Nanyama angemlaani. Mke ambaye alimwomba mara moja tu wakae pamoja, akakataliwa, alitumia pumzi zake za mwisho kuilinda heshima ya mumewe, na heshima yenyewe haikuwa na thamani ya kikombe cha chai.

Walipokuwa wakiingia Nairobi simu yake ililia. Ilikuwa Fancy, ameamka alfajiri ya huko kwao kuhakikisha hawachelewi ndege.

"Baba, mmefika? Mum alilala vizuri?"

Joash alimwambia. Alimwambia kwa maneno machache, kwa Kibukusu, lugha ya kwao Bungoma, kama babake alivyokuwa akitangaza misiba. Kwa muda mrefu hakusikia kitu ila kilio cha mtoto wake, kule mbali.

"Ulikuwa naye, Baba?" Fancy akauliza hatimaye. "Niambie alivyosema. Alisema nini mwisho?"

Joash akamnyooshea Jeruto ile simu.

"Zungumza na binti yetu," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa naye."