Vigae Arobaini vya Siku ya Ugiriki

Siku ya kwanza kazini, katika shule moja pale Stafford, mji ulio kusini mwa Dallas, nilivaa tai ya kijani na viatu vilivyonibana. Nilikuwa nimefundisha historia Tabora miaka kumi na mmoja, nikajiona sina cha kuogopa. Mkuu wa Idara, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alinikabidhi kitabu kizito na kuniuliza kama nawaweza Wagiriki wa kale. Nikasema nawaweza. Ukweli ni kwamba niliwajua kwa mbali tu, na wiki ile nilisoma mpaka macho yakaniuma.

Ninyi mnaoanza ualimu leo mna picha zinazotembea ukutani. Mimi nilikuwa na ubao mweupe na kalamu mbili. Nilichora mstari katikati: kushoto Athene, kulia Sparta. Hilo tuliliita somo la kulinganisha, na maswali yake yalikuwa manne: nani anatawala, nani anapiga kura, mtoto analelewaje, na nani anafanya kazi ngumu. Athene wananchi wanaume walikutana kilimani kuamua mambo yao, huku wanawake, wageni na watumwa wakibaki nje. Sparta walikuwa na wafalme wawili kwa pamoja, waangalizi watano wa kuwabana wafalme hao, na Baraza la Wazee. Mzee wa baraza alichaguliwa kwa kelele: wagombea wanapita mmoja mmoja mbele ya umati, waamuzi wamefungiwa chumbani hawaoni kitu, na anayeshangiliwa zaidi ndiye anayepita. Watoto walilipenda hilo kuliko yote. Swali la nne lilikuwa na jibu moja pande zote mbili, watumwa.

Mke wangu, muuguzi, alipopata kazi upande wa Dallas tulihamia Carrollton. Shule ya huko ilikuwa na desturi yake. Darasa la sita liligawanywa mafungu mawili, mwalimu mmoja akachukua Athene na mwingine Sparta, na baada ya wiki sita ikaja Siku ya Ugiriki, wazazi wakaalikwa. Mimi nilipewa Sparta. Mwaka wa tatu akaja Mwalimu Kemunto, Mkenya wa Kisii, mdogo kwangu kwa miaka mingi, akapewa Athene.

Nilimwonea wivu. Nasema wazi kwa kuwa nimestaafu na sina cheo cha kulinda. Watoto wake waliigiza, walijadiliana, walijifunga mashuka meupe. Wangu walitembea kijeshi kuzunguka uwanja, wakanywa supu nyeusi niliyowapikia mwenyewe kwa maharage meusi na siki, na hakuna aliyemaliza kikombe. Saa ya chakula cha mchana Wasparta wangu walikwenda kukaa darasani kwake. Hata kwenye harusi za Watanzania wenzangu, mtu alinisalimia vizuri kisha akauliza kama ni kweli nafundisha na Mwalimu Kemunto. Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nafuka moshi.

Mwaka wa sita wa Kemunto, Mkuu wa Idara wetu alitangaza kuwa anastaafu. Mkuu wa Shule akatuita sote wawili ofisini.

"Nitawaangalia Siku ya Ugiriki," akasema. "Mmoja wenu atakaa kwenye kile kiti."

Sasa niwaeleze vigae. Athene walikuwa na kura ya kufukuza mtu. Kila mwananchi aliandika kwenye kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, jina la yule anayemwona hatari kwa mji. Aliyechaguliwa aliondoka miaka kumi, bila kesi na bila kunyang'anywa mali, kisha akarudi na heshima zake. Sisi tulivunja vyungu vya maua, tukasugua kingo zisikate watoto, na aliyefukuzwa alikaa nje ya ukumbi mpaka shughuli iishe. Kila mwaka watoto walimfukuza mwalimu wa michezo, naye alitoka akijifanya analia.

Mwaka ule nilijitolea kuandaa vigae. Niliandika arobaini kwa mkono wangu, vyote jina moja, Kemunto. Nikawagawia Wasparta wangu nikisema ni msaada kwa wasioandika haraka. Wakaona ni mzaha mzuri.

Kura ziliposomwa na jina lake likashinda, Kemunto aliokota kigae kimoja, akakitazama, akaokota cha pili. Kila mwaka yeye aliwafundisha watoto kwamba wachimbaji kule Athene walikuta kisimani vigae vingi vya jina moja vilivyoandikwa na mikono michache tu, ushahidi kwamba kuna watu walipanga. Makala iliyoeleza hayo nilimwazima mimi. Alinitazama, akatia kigae mfukoni. Mtoto wake mmoja alianza kulia kwamba si haki. Akamwambia sheria ni sheria, akatoka. Bila yeye baraza la Athene lilivurugika, na Wasparta wangu wakapiga kelele mpaka Mkuu wa Shule akaziba masikio huku anacheka. Wiki iliyofuata nikawa Mkuu wa Idara.

Siku ile ile ya kura, wazazi walipokwisha kuondoka, Kemunto alinikuta kwenye maegesho.

"Mzee, hii handwriting nimeiona kwa board yako six years," akasema. "Kama ulitaka Athens, si ungeniambia tu? Ningekupatia."

Nikamwambia, dada, ule ulikuwa mzaha wa watoto.

"Sawa. Mimi sitasema. Utasema wewe."

Mwisho wa mwaka yeye na mumewe walihamia mji wa Katy, mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Nikachukua Athene niliyoililia. Mwezi haukuisha, watoto wangu wakawa wanakula mchana kwa mwalimu mpya wa Sparta.

Nilikaa kwenye kile kiti miaka kumi, na sikusema. Siku ya kuagwa kwangu, katika maktaba ya shule, mlango ulifunguliwa akaingia Kemunto, nywele zimeingia mvi. Alikuwa barabarani tangu asubuhi.

"Ten years zimeisha, Mzee," akasema. "Nimerudi." Akanipa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya jikoni.

Mkuu wa Shule wa sasa, kijana mchangamfu, akauliza ni zawadi gani. Ningeweza kujibu kwamba ni ukumbusho tu.

"Ni kigae," nikasema. "Jina lake niliandika mimi, na vingine thelathini na tisa, ili nipate cheo ninachokiacha leo."

Mke wangu aliweka sahani yake chini, asinitazame. Kisha Kemunto akacheka, akavuta kiti, akaanza kuwasimulia siku ile tangu mwanzo: vyungu vya maua, supu yangu, kelele za Wasparta. Wote wakamsogelea, mke wangu naye, wakaniacha peke yangu na keki. Alisimulia vizuri mno. Hata dhambi yangu ilipendeza mdomoni mwake kuliko mwangu, nami nikamwonea wivu pale pale, kigae kikiwa bado mkononi.