Mpagazi Asiye na Jina

Sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge za Korogwe enzi za Mwingereza, sinema ilitufuata kwa gari. Hatukuijua hii ya kujikunyata na simu kama wajukuu zetu, wanaocheka peke yao mpaka unataka kuwapima homa. Shuka jeupe lilitundikwa kwenye ukuta wa ghala, nasi tukakaa chini, kambi nzima, tukitafuna mihogo ya kuchoma.

Siku ninayoikumbuka, ilikuwa sinema ya baba, mama na watoto wawili wa Kizungu waliopita porini kumtafuta kaka wa hao watoto, aliyepotea. Mfasiri wa kipaza sauti alitutajia majina yao wote, hata la mbwa wao, Jimi. Simba alipotokea, mpagazi wao, mtu mweusi kama sisi, alitupa mzigo akatimua mbio, macho yamemtoka. Nilicheka kuliko wote, kisha nikamwona baba hacheki.

Kabla ya kukata mkonge, baba yangu, Mzee Athumani, aliwabebea mizigo wapima ardhi huko Handeni. Alitusimulia bila aibu jinsi simba alivyowatawanya karibu na Kwaluguru. Walikimbia wote, na bwana mpima ndiye aliyekuwa wa mwisho kushuka mtini. Wa kwanza kurudi kuchukua mzigo alikuwa baba.

"Yule mwenye mzigo anaitwa nani?" aliniuliza tukirudi nyumbani. Sikujua, na aibu ya kile kicheko ikanikaa rohoni.

Asubuhi nikamwahi mfasiri kabla gari halijaondoka.

"Shikamoo. Yule mpagazi anaitwa nani?"

"Marahaba." Akapekua karatasi zake. "Hapa hajaandikwa."

"Na mbwa?"

"Mbwa yumo."

Nikamuuliza inakuwaje. Nikamuuliza pia kwa nini yule mama wa Kizungu kazi yake ni kupiga mayowe tu, wakati mama yangu angemfuata simba na mwiko. Mfasiri akacheka.

"Mtoto wa kike una maswali wewe. Haya, tumwite nani?"

"Athumani," nikasema, nikarudi nyumbani kwa maringo.

Wiki iliyofuata utingo wa lori, mgeni asiyetujua vizuri, alipita kwetu akakaribishwa chai. Akaanza kusimulia sinema aliyoiona Mombo.

"Kuna mpagazi mmoja, Athumani, mwoga ajabu. Watoto wa Mombo sasa mwoga yeyote wanamwita Athumani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilimpa yule mtu jina, nikasahau kumwomba mfasiri asimkimbize. Baba aliweka kikombe chini.

"Huyo Athumani alirudi kuchukua mzigo?"

"Hakurudi, mzee. Iliisha wale Wazungu wakila chakula."

"Basi siye mimi," baba akasema, akaendelea na chai yake.

Nilikwenda kulia nyuma ya jiko. Mpaka anakufa sikumwambia nani aliyelitoa lile jina, na hilo linaniuma hadi leo.

Sinema za wajukuu zangu zimebadilika, nakiri. Watu weusi wana majina, wengine hata wanashinda, na akina mama wanapigana. Ila bado pana mtu mmoja anayekimbia watu wacheke, kisha haonekani tena. Huwa nawauliza, "Na yule alirudi?"

"Bibi, huyo si mtu wa maana, tazama mbele."

Wao wanatazama mbele. Mimi bado namsubiri arudi.